Peugeot 504 ya 1979 inasumbua kuwaka na maji yanapungua: nishushe hedi au bado?

Mrithi_504 (Arusha)

Wakuu, habari za majukumu. Nina Peugeot 504 saluni ya 1979, injini ya petroli XN1, cc 1971, kabureta, gia nne za mkono. Ilikuwa ya baba, sasa naitunza mimi. Inatembea, ila kuna mambo yananinyima usingizi.

Asubuhi stata inazungusha muda mrefu ndipo inashika. Ikishashika inatetemeka kama inachapa silinda tatu, inatoa moshi mweupe kidogo, halafu inatulia na kwenda vizuri kabisa. Mchana nikisimama dukani kwa robo saa, nikirudi inagoma tena, safari hii kuna harufu kali ya petroli. Maji ya rejeta yanapungua polepole na chini sioni hata tone. Barabara ya tambarare mshale wa joto umetulia, lakini nikipanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu unapanda mpaka naogopa. Oili ni safi.

Fundi wa mtaani anasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na hedi, kichwa cha injini) imekufa, tushushe hedi kesho. Spea za gari hili si za kuokota njiani, sitaki kufungua kitu kwa kubahatisha. Mnasemaje?

Mtoto_wa_Kimara (Dar)

Mkuu, moshi mweupe na maji kupungua, hiyo ni gasketi, hakuna cha kujadili. Shusha hedi, piga skimu (uso wake usawazishwe kwa mashine), weka gasketi mpya. Na kama spea zinasumbua, tafuta injini ya Toyota uiweke humo upumzike.

Spana_ya_Kumi (Tanga)

Mrithi, hizi gari nimezishika tangu zikiwa za wizara na mashirika ya umma, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu. Na kuhusu injini ya Toyota: 504 ilichaguliwa gari bora la mwaka Ulaya 1969, ikashinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, na 1978 ile ya V6 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Aliyekuachia gari hili alikuachia injini yake pia. Ibaki humo.

Sasa tuanze. Umeandika dalili zako zote kwa pumzi moja, na fundi wako amezipa jibu moja. Zitenganishe. Kugoma asubuhi na kugoma ikiwa ya moto ni magonjwa mawili, na mara nyingi hayana undugu.

La mchana: ukizima injini ya moto, feni na maji havizunguki tena, joto lote linapanda kwenye kabureta. Petroli iliyomo kwenye bakuli la boya inachemka na kumwagikia ndani. Petroli ya siku hizi inageuka mvuke upesi kuliko ile ya zamani, ndiyo maana gari za kabureta zinasumbua zaidi mchana wa jua. Ukirudi injini imefurika. Jaribu hivi: kanyaga pedeli ya mafuta taratibu mpaka chini, ishikilie hapo hapo bila kupampu, piga stata. Ikiwaka baada ya mizunguko michache na moshi mweusi kidogo, jibu umelipata, na gasketi haimo kwenye kesi hiyo. Choki usiiguse kabisa injini ikiwa ya moto.

La asubuhi ndilo la kuchunguza kwa makini. Injini ya petroli inataka vitu vitatu iwake: mafuta, cheche na mgandamizo. Anza na vya bei rahisi. Kabla hujapiga stata, toa kopo la filta ya hewa uchungulie kwenye koo la kabureta. Vuta choki ndani ya gari: kile kibamba cha juu lazima kifunge kabisa. Kebo ikilegea kinabaki nusu, na hilo peke yake linatosha kukuzungusha asubuhi nzima. Kisha mtu akanyage pedeli mara moja. Lazima uone mchirizi wa petroli ukirushwa. Kukiwa kukavu, bakuli limekauka usiku, au pampu imerudisha mafuta kwenye tenki.

Cheche: angalia pointi ndani ya distribyuta kama zimechimbika, nafasi yake ikae kwenye 0.40 mm. Plagi za injini hii zimekaa ndani ya visima virefu, kwa hiyo mulika tochi uone kama kuna oili au maji humo, maana cheche inapotelea hapo. Pima volti za betri stata ikizunguka. Zikishuka chini ya 9.6 koili haipati nguvu ya kutosha, hata kama unasikia stata inazunguka. Mara nyingi ubovu ni waya wa athi kati ya injini na bodi uliooza kwenye boliti, na betri inasingiziwa.

Hayo yote yakiwa sawa, toa plagi zote nne kabla ya kuwasha, zipange kwa namba, uzitazame vizuri. Plagi iliyolowa petroli utaijua kwa harufu. Iliyolowa maji haina harufu ya mafuta, tone linakaa kwenye kauri bila kusambaa, na kama unatumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) utaona rangi yake. Hata ikiwa kavu, ile ya silinda inayoingiza maji huwa nyeupe na safi kuliko wenzake wenye rangi ya kahawia, kwa sababu mvuke unaisafisha kila siku.

Onyo moja la kweli. Ukishuku kuna maji kwenye silinda, usipige stata kabla ya kutoa plagi. Maji hayagandamiziki. Pistoni ikikutana nayo, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda, na hapo utakuwa umeingia gharama ya injini nzima.

Halafu ulete namba za kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Plagi zote nje, pedeli ya mafuta mpaka chini, choki wazi, betri imejaa. Andika silinda kwa silinda, ila jua kwamba kwa Peugeot namba 1 ni ile ya upande wa flaiwili, karibu na kabini. Wengi wanahesabu kuanzia mbele kama kwenye Toyota, wanaishia kutengeneza silinda isiyo na ubovu.

Mrithi_504

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Nimefuata kila hatua.

Ya mchana: pedeli chini, ikawaka. Choki inafunga, mchirizi wa petroli upo. Volti zilikuwa zinashuka mno. Waya wa athi ulikuwa na ukungu wa kijani chini ya boliti. Nimepiga msasa na kukaza, sasa stata inazunguka kwa nguvu. Lakini asubuhi bado inaanza kwa silinda tatu na ule moshi.

Plagi: ya 1, 2 na 4 ni za kahawia. Ya 3 kauri yake ni nyeupe kabisa kama imetoka dukani.

Kompresheni kuanzia flaiwili: 124, 122, 116, 123 psi.

Mtoto_wa_Kimara

120 ni ndogo mkuu. Hapa Dar injini nzima inasoma 150. Hizo ringi (pete za pistoni) zimekwisha silinda zote nne, jiandae kwa ovahoo, kufungua injini yote.

Wa_Menengai (Nakuru)

Hapana ndugu, hapo umepotea. Geji inapima hewa ambayo injini imevuta, na Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar. Injini inayosoma 150 Kigamboni itasoma 127 hivi Arusha bila kuwa na ugonjwa wowote. Mimi niko juu zaidi na yangu inasoma 120, haili oili hata kidogo. Nimeona watu huku Bonde la Ufa wakifungua injini nzuri kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtu wa pwani.

Tazama tofauti kati ya silinda. Ya chini na ya juu zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, hapo una swali. Mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwa tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Na hakikisha tapeti (nafasi za valvu) ziko sawa kabla ya hayo yote, kwa sababu valvu ya ekzosi iliyokazwa sana inavujisha mgandamizo na inagomesha gari asubuhi vilevile.

Huo muinuko unagusa na joto pia. Maji ya wazi Arusha yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mlimani ni presha ya mfuniko wa rejeta, na kila psi moja inaongeza karibu nyuzi 1.6. Mpira wa mfuniko ukikauka umepoteza ulinzi huo wote. Badilisha mfuniko kwanza, ni pesa kidogo.

Spana_ya_Kumi

Wa Menengai amesema vizuri. Mrithi, namba zako ni nzuri, hata ya 3 haiko mbali na wenzake. Ila zisikutulize. Gasketi inaweza kuvuja kuelekea kwenye njia ya maji kwa ufa mwembamba kiasi kwamba geji ya kompresheni haioni kitu. Stata inagandamiza kwa sekunde chache tu. Injini ikiwaka na kubeba mzigo, presha ndani ya silinda ni kubwa mara nyingi zaidi, na hapo ndipo gesi inasukumwa kwenye maji. Ukizima, mfumo wa maji unabaki na presha yake huku silinda imetulia, sasa maji ndiyo yanarudi silindani polepole. Ndiyo maana asubuhi unapata silinda moja imelowa, moshi mweupe, halafu gari linakuwa jema.

Kwa hiyo vipimo viwili, vyote bila kufungua boliti hata moja ya hedi.

Cha kwanza, jioni. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka shingoni, acha mfuniko wazi, washa. Mwanzoni vipovu vichache ni hewa iliyonaswa, visikutishe. Vikiendelea bila kukoma, chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa wa silinda mgonjwa vipovu vinapungua au vinakata, kwa sababu hakuna mlipuko wa kusukuma gesi. Kuna pia kile kichupa cha dawa ya bluu kinachowekwa shingoni mwa rejeta: hewa ya kaboni kutoka silindani inaibadilisha kuwa ya njano. Ukikipata kwa kuazima, tumia, ila usiruhusu maji yafyonzwe ndani ya dawa.

Cha pili, usiku, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Pata pampu ya kupimia rejeta. Pandisha presha mpaka ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe. Toa plagi zote, funika visima kwa kitambaa safi, ulale. Alfajiri soma geji kama imeshuka, kisha weka kadibodi nyeupe juu ya visima na mtu apige stata mara moja. Silinda inayovuja itairushia kadibodi maji, nawe simama pembeni.

Na yule anayekutajia utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili kama ushahidi, muulize gari linatembea umbali gani. Safari fupi za asubuhi zenye baridi zinaleta utando huo kwenye injini isiyo na kasoro yoyote.

Mrithi_504

Mzee, jibu limepatikana. Vipovu havikukoma, na nilipochomoa waya wa 3 vikakata palepale. Usiku presha ilishuka. Alfajiri kadibodi ililowa sehemu moja tu, tundu la 3, na harufu tamu ya kulanti.

Sasa nimekubali hedi ishuke. Kuna la kuzingatia?

Spana_ya_Kumi

Lipo, tena kubwa, na ndilo linaloua hizi injini mikononi mwa mafundi waliozoea Kijapani.

504 ina slivu za maji, yaani mikebe ambamo pistoni zinatembea. Slivu haikupigwa ndani ya bloku kwa nguvu. Imesimama juu ya gasketi nyembamba chini yake, maji yanaizunguka, na kinachoikandamiza pale ni hedi yenyewe. Ukishatoa hedi, hakuna kinachoishikilia. Mtu akizungusha krenki (shafti inayosukumwa na pistoni) ili asafishe pistoni, slivu inanyanyuka pamoja na pistoni, gasketi ya chini inahama, na utakapofunga kila kitu maji yatashuka kwenye oili. Utalaumu gasketi mpya bure. Kwa hiyo hedi ikitoka tu, funga slivu kwa boliti na washa nene zinazokanyaga kingo zake, na krenki isiguswe.

Hedi ni ya alumini: ilegezwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa mpangilio wa kinyume na wa kukaza, kila boliti kidogo kidogo. Ikilegezwa ya moto inapinda. Ikigoma kutoka usiichomeke bisibisi kwenye mwanya. Igonge pembeni kwa nyundo ya mbao, itazame kama imeshikwa na kutu kwenye boliti.

Bi_Karakana (Moshi)

Naongezea upande wa mashine shop, maana ndiyo kazi yangu. Ndugu, ukileta hedi kwa mtu usimwambie "piga skimu" tu. Mwambie apime kwanza kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa pembe. Kama fila ya 0.05 mm haipiti popote na uso ni safi, hakuna sababu ya kuikata. Kila skimu inapunguza hedi, inaongeza mgandamizo, na hedi ya zamani hujui ilishakatwa mara ngapi kabla yako. Pia ipimwe kwa presha ndani ya maji ya moto, kwa sababu ufa mdogo kati ya viti vya valvu unatoa dalili zilezile za gasketi.

Jambo ninaloliona zaidi kwenye hedi za alumini ni matundu ya maji yaliyoliwa. Watu wanajaza maji ya kisima miaka nenda rudi bila kulanti. Alumini na chuma ndani ya maji yenye chumvi, alumini ndiyo inaliwa. Ukingo wa tundu unasogea mpaka chini ya pete ya gasketi, na hapo gasketi haina cha kukalia. Hilo halitibiwi kwa skimu wala kwa gundi. Linajazwa kwa weldi ya alumini, ndipo uso unasawazishwa.

Mrithi_504

Dada, kana kwamba ulikuwa umesimama nami. Hedi imeshuka, slivu zimefungwa kwa boliti na washa. Tundu la maji karibu na silinda ya 3 limeliwa, ukingo wake ni kama mfupa uliotafunwa, na mstari wa kutu unaingia mpaka kwenye pete ya gasketi. Rula inaonyesha 0.08 mm katikati. Hakuna ufa. Nyuma ya bloku kuna tope jekundu limeganda kuzunguka slivu.

Wa_Menengai

Hilo tope ndilo lilikuwa linakupandishia joto mlimani pamoja na gasketi. Litoe lote, hata ikibidi slivu zitoke na uweke gasketi mpya za chini. Ukizirudisha, kila slivu irudi kwenye tundu lake na upande wake uleule. Kisha pima zinavyochomoza juu ya uso wa bloku kwa dayal geji. Lazima zichomoze kidogo, sehemu ndogo tu ya milimita, na zipishane kidogo mno kati ya moja na jirani yake. Gasketi za chini zinauzwa kwa unene tofauti ndiyo usawazishe hapo. Slivu ikizama, pete ya gasketi haikandamizwi, na mwezi ujao utakuwa hapa tena. Fuata kipimo cha kitabu cha 504 yako, si cha 404 wala cha dizeli.

Spana_ya_Kumi

Kwenye kufunga: mashimo ya boliti yakaushwe kabisa, oili au maji yakibaki chini yanadanganya spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) na yanaweza kupasua bloku. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Gasketi bila grisi, bila silikoni. Ukimaliza, pasha injini joto, iache ipoe kabisa, kaza tena kwa mpangilio uleule kama kitabu kinavyosema, ndipo useti tapeti, kwa sababu kukaza hedi kunabadilisha nafasi zake.

Na usimwage ndani ya rejeta ule unga wa kuzibia, wala yai, wala pilipili ya kusaga. Vinaziba rejeta na hita kabla ya kuziba kilichovuja.

Mrithi_504

Mrejesho wakuu. Hedi imejazwa weldi na kusawazishwa Moshi, slivu zimetoka na kurudi na gasketi mpya, rejeta imefunguliwa na kusuguliwa, mfuniko mpya, kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Kompresheni sasa ni 126, 125, 126, 124. Asubuhi choki, nusu mzunguko, imeshika silinda nne. Usawa wa maji haujashuka. Karatu nimepanda na mshale haukusogea kutoka katikati.

Ile ya mchana nilifanya peke yake: sindano ya boya ilikuwa imelika na haifungi vizuri, nimebadilisha na kuseti kimo cha boya. Chini ya kabureta nimeweka kipande kinene cha kuzuia joto, na bomba la petroli nimelisogeza mbali na injini. Inawaka hata nikitoka Kilombero sokoni saa saba mchana.

Mtoto_wa_Kimara

Hongera mkuu, nimejifunza kitu. Mzee Spana, nina swali langu: nina Corolla KE70, injini ya 4K. Nikiwasha rejeta ikiwa wazi inatoa vipovu, lakini ikishapata moto vinaacha. Nishuku gasketi?

Spana_ya_Kumi

Kijana, kama vinaacha themostati ikifunguka na havirudi, hiyo ni hewa iliyobaki ulipojaza maji. Nyanyua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza taratibu injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa chini. Kisha kesho yake asubuhi, washa ikiwa baridi na mfuniko ukiwa umefungwa, uminye hosi ya juu ndani ya dakika ya kwanza. Ikiwa tayari ni ngumu wakati maji hayajapata moto, presha hiyo haitoki kwenye joto, inatoka silindani. Ikiwa laini, endelea na safari zako na uangalie usawa wa maji kila wiki injini ikiwa baridi.